Maneno ya Chama, Vinywa vya Wanafunzi

Kipande kilikuwa kadi ya karatasi ngumu yenye vyumba 30. Mkata mkonge wa shamba la Ngomeni au Lewa, huku Muheza mkoani Tanga, aliyemaliza kazi yake ya siku, yaani matita ya majani thelathini thelathini yaliyofungwa na kupangwa kando ya njia ya trola, alitiwa alama kwenye chumba kimoja. Asiyemaliza, siku yake ilipotea. Mshahara ulitoka vyumba vyote vikijaa, na kwa mtu aliyepigwa na homa mwezi wa vyumba 30 ungeweza kumchukua siku 40. Wengi wa waliobeba kadi hizo waliitwa manamba, maana waliletwa kwa namba kutoka Songea, Kigoma, Ruanda-Urundi na Msumbiji, na wengi hawakurudi makwao tena. Wajukuu zao leo ni watu wa Muheza.

Mkonge wenyewe ulikuja kama wao, kutoka mbali na kwa shida. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ikafika hai 62, ikapandwa upande wa Pangani. Miaka mitatu baadaye reli ya kutoka Tanga ilikuwa imekwisha kufika Muheza. Tanganyika ilipopata uhuru, hakuna zao lililoingiza fedha nyingi za kigeni kuliko mkonge, na mwaka 1964 nchi ilivuna zaidi ya tani 200,000 za singa. Fedha za namna hiyo ndizo zilizoendesha nchi changa, na ndizo zilizomwezesha kijana wa chuo kikuu kusoma bila kutoa senti: ada ililipwa, kitanda kilitandikwa, nyama ilikuwa mezani.

Naanza na kipande kwa sababu magomvi yote ya wanafunzi na serikali, kuanzia 1966 hadi chama kimoja kilipofikia mwisho, yalizunguka swali moja: nani anakula jasho la mwenye kipande? Serikali iliwafundisha wanafunzi kuuliza hivyo, tena iliwafundisha vizuri. Kisha ikashtuka walipouliza.

Serikali yetu haikuwahi kujiita ya kikomunisti. Mwalimu Nyerere aliutafutia ujamaa wake mizizi katika familia ya Kiafrika na wala hakuwa na haja ya Marx. Lakini mwananchi wa kawaida aliyaona mengi ambayo Mchina au Mromania wa Bucharest angeyatambua mara moja. Chama kilikuwa kimoja kwa sheria kuanzia 1965, TANU huku Bara na ASP Visiwani, hadi vilipoungana kuwa CCM tarehe 5 Februari 1977. Kilikuwa na tawi kazini na balozi wa nyumba kumi mtaani. Viwanda vikubwa, benki na mashamba makubwa vilikuwa vya umma. Na ndani ya mfumo huo, mtu mwenye malalamiko alitarajiwa kuyapeleka kwenye chama kile kile alichokuwa akikilalamikia.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo, na Mkoa wa Tanga unalijua jambo hili kuliko mikoa mingine. Katika miaka ya mwisho ya ukoloni sauti kali kuliko zote hapa ilikuwa ya wafanyakazi wa mkonge. Kiongozi wao Victor Mkello alipanda hadi kuwa rais wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Tanganyika. Alishikilia msimamo kwamba uhuru wa nchi haukufuta haki ya mkata mkonge kugoma. Sheria za 1962 ziliibana haki hiyo, na mwezi Januari 1963 Mkello mwenyewe akapelekwa Sumbawanga, akatakiwa akae huko. Mwaka mmoja baadaye wanajeshi waliasi, na katika msukosuko huo viongozi wengi wa wafanyakazi waliwekwa kizuizini, shirikisho lao likavunjwa, mahali pake ikaundwa NUTA, jumuiya moja tu, iliyofungamanishwa na TANU. Tangu hapo mwenye kipande hakuwa na chombo chake mwenyewe cha kumsemea.

Kila ninapoyasoma ya Chuo Kikuu nalirudia tukio hilo la Mkello. Watu huuliza kwa nini wanafunzi, watoto walioshiba kuliko rika lao lote, ndio waliokuwa wakiandamana. Jibu moja ni kwamba wengine waliokuwa na vinywa walikuwa wamefungwa tayari. Vyama vya upinzani vilikwisha, vyama vya wafanyakazi vilimezwa, gazeti kubwa la Kiingereza lilitaifishwa 1970, vyama vya ushirika vikafuata kuvunjwa 1976. Palibaki kilima kimoja nje ya Dar es Salaam ambapo mamia ya vijana waliishi pamoja, wakila meza moja, wakisoma vitabu ambavyo wengine hawakuviona, na wakilipwa na serikali ili wafikiri.

Mara ya kwanza walipofanya hivyo hadharani, walikosea pakubwa.

Jumamosi ya tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi karibu 400, wengi wao wa Chuo Kikuu na wengine wa vyuo vingine vya mjini, walivaa majoho yao wakaandamana hadi Ikulu. Serikali ilikuwa imeamua kwamba wasomi wote wapitie Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), lililoanzishwa 1963, kwa muda wa miaka miwili: miezi ya kwanza kambini, na iliyobaki kazini kwao wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi walikataa. Walibeba mabango ya Kiingereza, na moja lilidai kwamba maisha yalikuwa afadhali wakati wa mkoloni. Nyerere aliwapokea uwanjani pamoja na Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, na mawaziri. Alisikiliza tamko lao likisomwa hadi mwisho. Lilikuwa na masharti, na lilisema wazi kwamba wakilazimishwa wataitoa miili yao lakini mioyo yao haitakuwamo.

Waliokuwapo walisimulia kwamba alianza kujibu kwa sauti ya chini, hasira ikapanda neno kwa neno. Alisema hatamlazimisha mtu kwenda kambini kama moyo wake haumo. Basi na waende nyumbani. Halafu akaikamata hoja moja iliyokuwamo katika malalamiko yao, ile ya mishahara mikubwa ya wakubwa, akakubali kwamba ni kweli. Mishahara ni mikubwa mno, alisema, na wa kwake umo. Papo hapo akatangaza kuupunguza kwa asilimia 20.

Wanafunzi walifukuzwa na kupelekwa makwao kwa ulinzi. Wengi walirudishwa mwaka uliofuata. Kwa kijana aliyeshushwa mkoa huu siku hizo, aibu ilikuwa ya aina yake. Alitoka katika nchi ambayo kijiji kizima kilimwangalia kama taa yake, na Wabondei walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza pwani hii kukaa kwenye benchi la shule, pale Magila kwa wamisionari wa UMCA, tangu karne ya 19. Alirudi bila joho, akapita katikati ya watu waliokuwa wakienda kukata matita.

Sioni haya kusema kwamba Mwalimu alikuwa na haki siku ile. Vijana walikuwa wakitetea fungu lao mbele ya watu ambao hawakuwa na fungu. Hata hivyo walikuwa wamegusa jambo la kweli bila kulikusudia. Miezi mitatu na nusu baadaye, tarehe 5 Februari 1967, likatangazwa Azimio la Arusha, na siamini kuwa yale ya Ikulu hayakuchangia. Kiongozi alikatazwa kuwa na mishahara miwili, kupangisha nyumba, kumiliki hisa katika kampuni. Benki zilitaifishwa kwanza, na kabla ya mwaka kwisha serikali ilikuwa imeshika sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge. Muheza ilipata mwajiri mpya. Bendera kwenye ofisi ya shamba ilikuwa ya taifa, meneja aliitwa ndugu, na kipande kiliendelea kutiwa alama.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka kimawazo. Wanafunzi wa 1966 walidai wasamehewe kutumikia. Waliowafuata walilichukua Azimio wakaanza kulitumia kama rula ya kuwapimia viongozi. Mwaka 1967 palizaliwa pale Mlimani, yaani Chuo Kikuu, kikundi cha wanamapinduzi, USARF, mwenyekiti wake akiwa kijana kutoka Uganda, Yoweri Museveni. Walter Rodney wa Guyana alikuwa akifundisha hapo. Walisoma Marx, Lenin na Fanon usiku, na mwaka 1969 wakaanza kutoa jarida walilolipa jina Cheche, kwa kufuata Iskra la Lenin na Spark la Nkrumah. Mwanasheria kijana Issa Shivji aliandika humo makala ndefu kuhusu mapambano ya kitabaka yanayoendelea kimyakimya Tanzania, akionyesha kwamba kutaifisha peke yake hakumpi mfanyakazi madaraka. Kunaweza tu kumpa bwana mwingine, safari hii mwenye kiti serikalini.

Novemba 1970 serikali ilikipiga marufuku kikundi na jarida lake. Sababu iliyotolewa ni kwamba Tanzania haikuwa na haja ya itikadi ya kuazima kutoka nje. Nchi ya kijamaa ikawanyamazisha vijana wake waliokuwa wajamaa kuliko wote. Sijui tukio la enzi hizo linalosema wazi zaidi kuliko hili: kilichoogopwa hakikuwa ubepari wa wanafunzi.

Miezi michache baadaye chama chenyewe kikawapa silaha kubwa zaidi. Idi Amin alipompindua Obote nchini Uganda Januari 1971, viongozi wa TANU waliona kwamba nchi inayodharau watu wake ni rahisi kupinduliwa. Mwongozo wa TANU ukatoka Februari. Ibara yake ya 15 ilimkataza kiongozi kuwa na majivuno, ufujaji, dharau na uonevu. Ibara hiyo ilienea kama moto wa nyika. Wafanyakazi wa viwandani Dar es Salaam waliinukuu kwa namba walipowagomea mameneja wao, hadi 1973 pale kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walipokitwaa kiwanda chenyewe, wakatimuliwa. Ujumbe ulikuwa kwamba ibara ya 15 iliandikwa isomwe, kuitekeleza ni kazi ya wakubwa.

Mlimani nako ilisomwa. Mwezi Julai 1971 rais wa jumuiya ya wanafunzi, Symonds Akivaga, Mkenya, alimwandikia barua ya wazi Makamu Mkuu wa Chuo akilalamikia uongozi usiosikiliza. Makamu Mkuu huyo, Pius Msekwa, alikuwa ametoka moja kwa moja katika wadhifa wa Katibu Mtendaji Mkuu wa TANU. Chuo kilikuwa kimetimiza mwaka mmoja tu tangu kiwe Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kamili. Kikosi cha polisi wenye silaha kilipanda kilimani, kikamchukua Akivaga mbele ya wenzake, naye akarudishwa Kenya. Wanafunzi waligoma kuingia madarasani. Wale wa 1966 walikabiliana na Rais kwenye nyasi za Ikulu. Hawa walikabiliana na bunduki chini ya mabweni yao. Umbali wa miaka mitano, na tayari namna ya kujibu ilikuwa imebadilika.

Kisha likaja Azimio la Musoma, Novemba 1974. Kuanzia hapo kijana aliyemaliza kidato cha sita hakwenda chuo kikuu moja kwa moja. Alipitia JKT kwa mujibu wa sheria, akaenda kufanya kazi, na ili aombe nafasi alihitaji maoni mazuri ya mwajiri na ya tawi la chama. Kusudio lilikuwa jema: msomi ayajue maisha ya watu. Wasichana wengi walipotea katika miaka hiyo ya kungoja, wakaolewa au wakazaa, hadi sheria ikabidi ilegezwe kwao.

Katika mkoa wetu wengi waliijua JKT kwa jina la Maramba, kambi iliyo chini ya milima ya Usambara ya Mashariki, zamani Wilaya ya Muheza na siku hizi Mkinga. Kuruta aliamshwa kabla ya alfajiri kwa filimbi, akakimbia mchakamchaka na wimbo mdomoni, akarudi kushika jembe, akapigishwa kwata mchana. Mtoto wa mkurugenzi alilala kitanda jirani na mtoto wa mkata mkonge, sahani yao ya maharage ikiwa moja. Nimewasikia watu wengi wakiikumbuka miezi hiyo kwa upendo, na nawaamini. Kambi iliwafunza usawa kwa miguu na viganja, mahali ambapo hotuba hazifiki. Lakini mtu aliyefundishwa hivyo hawezi kurudi mjini akaona gari jipya la waziri kwa macho yale yale ya zamani.

Ndiyo maana 1978 haifanani na 1966, ingawa watu huzichanganya. Walioandamana sasa walikuwa watu wazima. Walikuwa wamefanya kazi, wengine walikuwa na wake na watoto, na walikuwa na kadi za chama kilekile walichokilalamikia. Mwanzoni mwa mwaka huo ilijulikana kwamba mawaziri, wabunge na wakubwa wa chama wameongezewa mishahara na marupurupu, wakati bei za vitu zinapanda na vijiji vilikuwa bado vinauguza majeraha ya kuhamishwa kwa nguvu katika Operesheni Vijiji. Jumapili ya tarehe 5 Machi 1978 wanafunzi wa Mlimani na wenzao wa vyuo jirani waliteremka kuelekea mjini. Hawakudai wao waongezewe chochote. Walisema nyongeza hizo zinalisaliti Azimio la Arusha, wakataka chama kijisomee maandishi yake.

Polisi wa kutuliza ghasia, FFU, waliwakabili njiani kwa virungu na mabomu ya machozi. Mamia walikamatwa, wakafukuzwa chuoni, wakarudishwa mikoani kwao. Safari hii kijana aliyeshushwa Muheza hakuwa na aibu ile ya 1966. Alichokuwa akikidai kilikuwa kimebandikwa ukutani katika kila ofisi ya chama aliyopita njiani.

Ni haki kuweka kando ya tukio hilo mambo yaliyokuwa yakitokea Addis Ababa siku zile zile. Wanafunzi wa Ethiopia walikuwa wamedai ardhi kwa mkulima tangu 1965, na maandamano yao yalisaidia kumng'oa Mfalme Haile Selassie 1974. Wanajeshi waliomrithi walichukua madai yao, wakajiita Wamarx, kisha katika Ugaidi Mwekundu wa 1977 na 1978 wakawaua vijana hao kwa maelfu na kuwaacha barabarani. Hapa kwetu adhabu ilikuwa basi la kurudi nyumbani, na wengi wa waliofukuzwa walirejeshwa baadaye. Tofauti hiyo ni kubwa, ni sawa na uhai na kifo, na mtu anayeandika historia ya Nyerere na wanafunzi wake bila kuitaja anadhulumu. Lakini kurejeshwa kulikuwa kwa hisani. Jumuiya yao ya DUSO ilivunjwa, ikaundwa MUWATA, chombo cha wanafunzi kilichowekwa chini ya Umoja wa Vijana wa chama. Mlango wa mwisho wa kusemea ukafungwa kwa namna ile ile iliyotumika kwa wafanyakazi wa mkonge 1964.

Miaka ya 1980 ilipita kwa njaa ya vitu. Baada ya Vita vya Kagera hazina ilikuwa tupu. Sabuni, sukari na khanga vilipangiwa foleni, na asiye na jamaa dukani alirudi mikono mitupu. Mkonge uliokuwa ukitoa zaidi ya tani 200,000 haukufikisha hata 50,000 mwishoni mwa muongo huo, kamba za plastiki zikiwa zimeua bei yake na uendeshaji mbovu ukiwa umeua mashamba yake. Karibu na Muheza ungeweza kupita korona, yaani kiwanda cha kusindika mkonge, iliyonyamaza, mashine imeota kutu, vichaka vimefunika njia za trola. Watu waligeukia machungwa, na yakawaokoa. Mwaka 1986 serikali ya Rais Mwinyi ilitia saini mkataba na IMF, na polepole likaanza kusikika neno ambalo hakuna mwanafunzi aliyekuwa amelizoea: kuchangia gharama.

Bumu, yaani posho ya mwanafunzi, halikutosha tena. Vyumba vya watu wawili vililala watu wanne au zaidi. Vitabu havikuingia maktaba. Wapo wanaoeleza mgogoro wa 1990 kwa bumu peke yake, na sikubaliani nao. Njaa ilikuwapo nchi nzima, na kwingine haikuzaa madai ya kubadili mfumo. Kilichoiongezea njaa makali ni kule kuona kwamba waliokuwa wakihubiri kufunga mkanda walikuwa wakinenepa, pamoja na kukosa mahali pa kulisema hilo ila MUWATA, ambayo ilikuwa ya hao hao.

Na dunia ilikuwa ikiwapa mifano. China ilikuwa rafiki yetu wa karibu. Ilitujengea reli ya TAZARA na kiwanda cha Urafiki, na picha za Mao zilikuwa za kawaida kuliko za marais wengi wa jirani. Aprili 1989 wanafunzi wa Beijing walianza kukusanyika Tiananmen kumlilia Hu Yaobang, kiongozi wa chama aliyeonekana kuwa mpenda mageuzi. Bei zilikuwa zimepanda, na watoto wa wakubwa walikuwa wakitajirika kwa kununua vitu kwa bei ya serikali na kuviuza kwa bei ya soko. Wanafunzi walidai mazungumzo, magazeti huru na hesabu ya mali za viongozi. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Juni jeshi liliwamiminia risasi. Kinachonigusa ni kwamba vijana wale waliimba Internationale, wimbo wa wafanyakazi wa dunia, ule ule wa chama kilichowatuma askari. Wale wa Mlimani wa 1978 wangewaelewa bila mkalimani.

Kabla mwaka huo haujaisha ukuta wa Berlin ulifunguka, na Ceaușescu wa Romania, aliyekuwa akipokewa kwa gwaride katika miji mikuu ya Afrika, alipigwa risasi na watu wake siku ya Krismasi. Februari 1990 Nyerere, aliyekwisha kuacha urais lakini bado mwenyekiti wa CCM, alisema kwamba kuzungumza habari ya vyama vingi si uhaini, na kwamba CCM ina la kujifunza Ulaya Mashariki. Kauli hiyo ilisikika Mlimani kama ruhusa.

Mwezi Aprili wanafunzi waligomea masomo. Madai yao yalikuwa ya tumbo na ya nchi kwa pamoja: vitabu na bumu, bajeti ya elimu inayopungua huku anasa za viongozi zikiongezeka, chombo chao wenyewe badala ya MUWATA, mfumo wa siasa unaomruhusu mtu kuchagua. Walitaka Rais Mwinyi aje awasikilize. Katika mwezi huo huo, tarehe 19, jumuiya za wahadhiri zilipitisha Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa taaluma, hati ambayo mpaka leo inatajwa Afrika nzima. Kuta zilijaa maandishi na michoro ya kuwakejeli viongozi. Tarehe 12 Mei 1990 serikali ilikifunga chuo, wanafunzi wakaamriwa kufungasha na kuondoka. Hakikufunguliwa tena hadi Januari 1991.

Kuhusu kuta hizo kuna jambo la kusikitisha ambalo lazima lisemwe. Kwa miaka mingi Mlimani palikuwa na gazeti la ukutani lisilo na jina la mwandishi, lililoitwa Punch. Wapo waliolisifu kwa kuwaumbua wakubwa. Lakini waliokuwa wakiumbuliwa zaidi walikuwa wasichana waliowakataa wanaume au waliosema wanayofikiri. Februari 1990, miezi mitatu kabla ya chuo kufungwa, mwanafunzi mmoja wa kike alijiua baada ya kuandamwa hivyo. Vijana waliokuwa wakidai uhuru kwa serikali walikuwa wameacha udhalimu ule uote mizizi chini ya madirisha yao, na historia ya mapambano yao haijakamilika bila yeye.

Mambo yalikwenda mbio baada ya hapo. Agosti 1990 Nyerere aliacha uenyekiti wa chama. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM, ikikutana Zanzibar, iliwaruhusu wanachama kupangisha nyumba, kumiliki hisa na kupokea mshahara zaidi ya mmoja. Yale ambayo wanafunzi wa 1978 walipigwa kwa kuyapinga yakawa halali, na hoja yao ikakosa hata kanuni ya kuegemea. Mwaka huo huo Jaji Mkuu Francis Nyalali alipewa tume ya kuwauliza wananchi kama wanataka chama kimoja au vingi. Takriban asilimia 80 walijibu kimoja. Tume ikapendekeza vingi hata hivyo, kwa kuwa asilimia 20 nao ni watu, na sheria ya vyama vingi ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1992.

Mashamba ya mkonge yaliyobaki na uhai yaliuzwa kwa watu binafsi katika muongo huo. Na mwaka 1994 serikali ilisitisha JKT kwa wahitimu, kwa sababu fedha za kuwalisha hazikuwapo; ilichukua hadi 2013 kuirudisha. Lile lililowafukuzisha vijana karibu 400 mwaka 1966 liliondoka bila bango hata moja. Maramba filimbi iliendelea kupigwa alfajiri kwa askari na wa kujitolea, lakini yule kijana wa kidato cha sita aliyekuwa akishuka na sanduku lake la bati, akiuliza njia ya kambini, hakuonekana miaka hiyo yote.